Kukariri Si Mlango wa Meza ya Bwana

Kila mwaka, majuma machache kabla ya ibada ya kipaimara, sharika zetu huwa na siku ya kuwahoji wanafunzi. Mtoto anasimama mbele ya mchungaji na wazee wa kanisa. Anaulizwa amri ya tano na maelezo yake, anaulizwa sehemu ya pili ya Imani, anaulizwa maana ya ombi la nne katika Sala ya Bwana. Anayetiririka bila kukwama anapita. Anayekwama, zipo sharika ambako anaambiwa akasome tena hadi mwaka ujao. Wenzake wanavaa nguo nyeupe na ndugu wanakuja kutoka mbali kuwapongeza. Yeye anakaa nyuma kanisani akiwatazama, au anabaki nyumbani kwa aibu.

Tunaandika kuupinga utaratibu huo. Hatupingi wanafunzi kuhojiwa, na hatupingi kukariri. Tunapinga jambo moja, nalo ni kuufanya uwezo wa kusema maneno kwa mdomo, mbele ya watu, bila kukosea, kuwa kipimo pekee cha imani ya mtoto aliyebatizwa. Kipimo hicho hakitoki katika Maandiko. Hakitoki kwa Luther. Na kinawaumiza wale ambao Bwana wetu aliagiza wasizuiwe kwenda kwake.

Ni akina nani hao wanaokwama? Mwalimu yeyote wa kipaimara anawafahamu. Yumo mwenye kigugumizi, ambaye akiwa na wenzake chini ya mwembe anaeleza habari ya Mwana Mpotevu hadi wanacheka na kulia, lakini mbele ya wazee ulimi unafungwa. Yumo ambaye yuko darasa la sita na bado herufi zinamchezea machoni, na nyumbani hakuna wa kumsomea. Yumo binti anayelea wadogo zake, akateka maji na kupika kabla ya kuja darasani Jumamosi. Anafika amechoka na kitabu hajakishika juma zima. Yumo kiziwi. Yumo mwenye ulemavu wa akili. Na yumo mtoto mzima wa afya, mwenye akili zake zote, ambaye neno halimwingii mpaka ameuliza maswali matatu, na katika darasa la watoto wengi na mwinjilisti mmoja hapati nafasi ya kuuliza hata moja.

Watoto hawa hawafanani, wala hawajifunzi kwa njia moja. Mmoja akisikia mara mbili anairudisha sentensi kama alivyoipokea. Mwingine anahitaji kuona picha. Mwingine anaelewa maana ya kusamehe siku anapopatanishwa na mwenzake waliyegombana, na hapo ndipo maneno ya Sala ya Bwana yanapomkaa. Darasa letu limewapa wote njia moja, kisha likawahukumu wote kwa njia hiyohiyo.

Wenzetu wanaotetea utaratibu huu humtaja Luther. Vema, na tumtazame Luther. Mwaka 1528 alishiriki kuzikagua sharika za Saxony, akakuta watu wa vijijini hawajui hata misingi ya imani yao, na wachungaji wengi hawawezi kuwafundisha. Alirudi akiwa na huzuni na hasira, na mwaka 1529 akatoa Katekismo Ndogo. Lakini hebu tuusome utangulizi wake na kuuliza hasira hiyo aliimwaga kwa nani. Aliimwaga kwa maaskofu na wachungaji, waliowaacha watu bila mafundisho. Luther alipokuta watu hawajui, alimwuliza mwalimu amefanya nini. Siku hizi mtoto asipojua, anayerudishwa ni mtoto. Mwalimu anaendelea na darasa jipya.

Katekismo yenyewe ilitoka kwa namna gani? Kabla haijawa kitabu, mwanzoni mwa mwaka 1529, sehemu zake zilichapwa katika mabango makubwa ya kubandikwa ukutani, yaonekane na kila mtu. Ilipokuwa kitabu, ilitolewa pia na picha za habari za Biblia, ili amri isisimame peke yake bila kisa cha kuionyesha. Luther alizitungia nyimbo Amri Kumi na Imani mwaka 1524, na baadaye Sala ya Bwana na Ubatizo. Katika vichwa vya sehemu za kitabu aliandika kwamba haya ni ya baba wa nyumba kuwafundisha watu wa nyumbani mwake. Basi kulikuwa na bango la kutazama, wimbo wa kuimba, picha ya kuuliza maswali, na mzazi wa kuketi naye jioni. Mafundisho ni yaleyale, milango ni mingi. Sisi tumerithi kitabu, na tumebakiza mlango mmoja.

Tena katika utangulizi huohuo Luther anatoa utaratibu wa kufundisha. Kwanza mchungaji achague maneno yaliyo imara, asiyabadilishe kila mwaka, kwa sababu vijana na watu wa kawaida huchanganyikiwa. Baada ya hapo awafundishe maana, polepole, jambo moja kwa wakati mmoja. Na anaongeza kwamba mkazo ufuate hali ya wasikilizaji: amri ya saba, inayokataza wizi, isisitizwe sana kwa mafundi, wafanyabiashara na wakulima, na ya nne kwa watoto na watu wa kawaida. Mtu aliyeandika hayo alijua kwamba wasikilizaji hawafanani. Miaka mitano kabla, katika waraka wake wa 1524 kwa madiwani wa miji ya Ujerumani kuhusu shule, alikuwa amekwisha kusema kwamba watoto wameumbwa kuruka na kucheza, na kwamba shule inayofaa ni ile inayowafanya wajifunze kwa furaha.

Hapa mwenzetu mmoja atasimama na kusema: lakini Luther huyo huyo aliandika kwamba wasiotaka kujifunza wasipokelewe kwenye sakramenti. Ni kweli aliandika. Tunaomba msomaji alitazame neno lenyewe. Alisema wasiotaka. Hakusema wasioweza. Kati ya anayekataa na anayeshindwa kuna umbali mkubwa, na mchungaji asiyeuona umbali huo hajawafahamu kondoo wake. Mtoto anayetembea kilomita nne kila Jumamosi kuja darasani, miaka miwili, na bado maelezo ya amri ya nane yanamponyoka, huyo ametaka kuliko wengi waliopita.

Mwingine atataja Ungamo la Augsburg, ibara ya 25, kwamba kwetu hapokei sakramenti asiyehojiwa kwanza. Nalo tunalikubali. Kuhojiwa kumo katika maungamo yetu na kuendelee. Lakini kumhoji Mkristo ni kumsikiliza: anamwamini nani, anatubu nini, anatafuta nini kwenye Meza ya Bwana. Hayo yanaweza kujibiwa kwa sentensi iliyovunjika, kwa maandishi, kwa lugha ya alama, kwa machozi. Aliyesikia maneno mengi yaliyopangwa vizuri hajawa amemhoji mtu. Amekagua kumbukumbu yake tu.

Wa tatu atasoma Warumi 10 kwamba kwa kinywa mtu hukiri hata kupata wokovu. Sisi tunamkumbusha Luka 1. Zakaria alikuwa bubu. Alipoulizwa jina la mtoto, aliomba kibao akaandika. Hakuna jirani aliyesema ungamo hilo halihesabiki kwa kuwa halikutoka kinywani. Na kwa kuandika huko alitii neno la malaika. Tunamkumbusha pia Musa, aliyemwambia Mungu kwamba ulimi wake ni mzito. Mungu hakumrudisha akajifunze kusema kwanza. Alimpa Haruni.

Na zaidi ya hoja hizi zote, yako mafundisho yenyewe tunayowakaririsha. Katika maelezo ya sehemu ya tatu ya Imani, Katekismo inamfundisha mtoto kukiri kwamba hawezi kumwamini Yesu Kristo kwa akili zake wala kwa nguvu zake, ila Roho Mtakatifu ndiye aliyemwita kwa Injili. Tuyapime hayo. Mtoto anasimama, anafika kwenye maneno hayo, anakwama. Tunamwambia hastahili kwenda mezani, kwa sababu akili yake haikuweza kuyashika maneno yanayosema kwamba hatumwamini Kristo kwa akili zetu! Na katika sehemu ya Sakramenti ya Altare, Katekismo inauliza ni nani anayestahili, na jibu lake ni yule anayeiamini ahadi kwamba mwili na damu ya Bwana vimetolewa kwa ajili yake. Hapo hakuna habari ya kukariri. Kanisa linalofundisha kwamba mtu huhesabiwa haki kwa neema kwa njia ya imani, kisha likaweka kazi ya kumbukumbu mlangoni, limelirudisha tendo la sheria kupitia dirishani.

Tunawabatiza watoto wachanga. Mtu akituuliza mtoto wa wiki tatu anajua nini, tunamjibu kwa ujasiri kwamba Mungu ndiye anayetenda. Jibu hilo lisife mtoto akifika umri wa miaka kumi na minne. Kipaimara chenyewe si sakramenti. Luther hakukihesabu hivyo, na ibada yake kama tunavyoijua katika makanisa ya Matengenezo ilianza kupangwa huko Hesse mwaka 1539 kwa kazi ya Martin Bucer. Ni utaratibu mwema wa kanisa, wa kuwaandaa waliobatizwa. Utaratibu wa kanisa haupaswi kumnyima mtu kile alichokianzisha Kristo.

Wako pia wanaosema hivi: tukilegeza, tutapata Wakristo wasiojua kitu. Na sisi tulikariri, mbona tuko salama? Tunawajibu kwamba hatuombi kulegeza. Kumtaka mtoto aseme maneno ni kazi nyepesi kwa mwalimu. Kumtaka aelewe ni kazi nzito kwa wote wawili. Yuko kijana aliyeisema amri ya saba na maelezo yake bila kukosa neno, na alipoulizwa kama kuuza nyanya mbovu chini na nzuri juu ya ndoo ni wizi, alishangaa swali limehusu nini na dini. Huyo alipita. Kama viwango ndivyo tunavyovitafuta, tuanze na huyo.

Lakini upo upande wa pili, nao lazima tuuseme, kwa sababu wapo wanaotaka kuponya ugonjwa huu kwa dawa isiyo dawa. Katika semina za walimu imeenea hoja kwamba kila mtoto ana mtindo wake wa kujifunza: huyu ni wa kuona, huyu wa kusikia, huyu wa kusoma na kuandika, huyu wa kutenda. Dodoso linalojulikana sana la namna hiyo lilitungwa na Neil Fleming wa New Zealand. Mwalimu anaambiwa awapime watoto, awagawe, kila mmoja afundishwe kwa mtindo wake. Inasikika kama huruma. Hata hivyo mwaka 2008 wanasaikolojia wanne wa Marekani, Harold Pashler na wenzake, walizipitia tafiti za jambo hili na hawakupata ushahidi wa kutosha kwamba mtoto hujifunza vizuri zaidi akifundishwa kwa mtindo aliopangiwa. Watu wana mapendeleo, hilo ni kweli. Wanatofautiana uwezo, maandalizi ya nyumbani, macho, masikio na lugha, hilo ni kweli zaidi. Lakini kumbandika mtoto jina la wa kusikia, kisha kumnyima picha, ni kumjengea ukuta mwingine baada ya kuubomoa wa kwanza.

Msimamo wetu ni huu: watoto wote wapite milango yote. Wote waimbe, wote watazame picha, wote waigize, wote waulize, na wote wakariri kadiri ya uwezo wao. Mlango utakaomfungukia huyu leo unaweza kumfungukia yule kesho, na kinachoingia kwa milango mitatu hakitoki upesi kama kilichoingia kwa mmoja. Kukariri nako ni mlango, tena mlango wa thamani. Mchungaji anayewatembelea wazee wagonjwa anajua kwamba mtu aliyesahau majina ya wanawe huweza bado kuifuata Sala ya Bwana hadi amina. Hazina ya namna hiyo tusiwanyime watoto wetu. Tunachokataa ni kuigeuza hazina kuwa kodi ya mlangoni.

Namna hii ya kufundisha si mgeni kwetu. Israeli walipovuka Yordani, Yoshua hakuwapa somo la kukariri tu. Aliamuru mawe kumi na mawili yasimamishwe, ili watoto wayaone na kuuliza, na baba zao wawajibu. Pasaka nayo ilipangwa hivyo hivyo: mtoto anakula, anaona, anauliza, anaambiwa. Bwana Yesu alisema na wavuvi kuhusu nyavu, na mwanamke kisimani kuhusu maji, na Nikodemo mwalimu wa Israeli kuhusu upepo. Alipotaka kufundisha utumishi alichukua taulo na beseni. Na katika Marko 7, alipoletewa kiziwi, alimtenga na makutano, akatia vidole masikioni mwake, akamgusa ulimi, akatazama juu mbinguni. Alisema naye kwa mikono na macho kabla hajasema naye kwa sauti. Hatimaye ile Meza yenyewe: mkate unaoonekana na kushikwa, divai inayoonjwa, neno linalosikiwa. Mungu ametufundisha kwa mwili mzima. Sisi tunamhoji mtoto kwa ulimi peke yake.

Wazee wetu pia walijua. Katika Uchaga, mafundisho ya jando yalitolewa kwa mregho, fimbo iliyochorwa alama, na kila alama ilikuwa na somo lake. Kijana aliona, akasikia, akashika maana kwa mpangilio wa fimbo. Mmisionari Bruno Gutmann, aliyefika Kilimanjaro mwaka 1902, aliyakusanya mafundisho hayo katika majuzuu matatu, na alijaribu kuyajenga mafundisho ya vijana wa kanisa juu ya udugu wa rika ambao Wachaga walikuwa nao tayari. Mengi ya Gutmann yanajadiliwa hadi leo. Lakini aliona jambo ambalo darasa la kukariri haliwezi kuliona: kijana hujifunza akiwa na mwenzake, na mwenye nguvu humbeba mnyonge.

Na kanisa letu halina udhuru wa kusema haliwezi. KKKT ina shule ya viziwi kule Mwanga. Ina shule ya wasioona kule Irente, Lushoto, na hapohapo Irente ina shule ya watoto wenye ulemavu wa akili. Walimu wanaojua lugha ya alama, wanaojua nukta nundu, wanaojua kumfundisha kwa subira mtoto ambaye wengine wamemkatia tamaa, wako chini ya bendera yetu wenyewe. Haifai mkono mmoja wa kanisa umfundishe mtoto huyo siku za juma, na mkono mwingine umrudishe nyuma siku ya Bwana.

Basi tunataka nini? Kwanza, usharika usimzuie mtoto yeyote aliyebatizwa na aliyehudhuria mafundisho kwa sababu ya kushindwa kukariri peke yake. Anayehitaji muda zaidi apewe mwalimu na muda, bila kutangazwa. Pili, kuhojiwa kufanyike kwa njia zaidi ya moja: mtoto aruhusiwe kueleza kwa maneno yake, kuimba, kuandika, kuchora na kufafanua, au kujibu kwa lugha ya alama, na mwenye woga asikilizwe faraghani na mchungaji wake. Tatu, vyuo vyetu vya Biblia na theolojia viwape wanafunzi mafunzo ya kweli ya ualimu. Mchungaji atafundisha watoto kwa maisha yake yote ya utumishi. Hawezi kuhitimu akiwa amejifunza kuhubiri tu. Nne, mwinjilisti asiachwe peke yake na darasa kubwa. Wazazi na wazazi wa ubatizo waliahidi mbele ya altare kumlea mtoto katika imani. Waitwe na wapewe kazi, hata jioni moja kwa juma, kama Katekismo yenyewe inavyowaelekeza.

Hakuna katika hayo linalohitaji fedha nyingi. Yanahitaji mchungaji amjue mtoto kwa jina, na ajue anaishi na nani, anasoma vipi, anaogopa nini. Dayosisi zinazoweza kuandika mwongozo na ziandike. Lakini mchungaji asingoje mwongozo. Majuma haya kabla ya kipaimara kijacho, kabla ya kumwambia mtoto arudi mwaka ujao, aketi naye chini, amwulize kwa upole: Yesu ni nani kwako? Kisha anyamaze asikilize, hata kama jibu litachukua muda mrefu kufika.